Wiki Tano za Nyambura

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliamini kwamba kuna mwanamke anayekaa ndani ya jiwe, chini ya bonde, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumbani kwetu Uthiru, na kwamba mwanamke huyo hula watoto. Sikuambiwa na watoto wenzangu. Niliambiwa na shosho yangu, mama mzazi wa mama, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa ibada hata siku moja na ambaye aliifunga Biblia yake ya Kikuyu ndani ya mfuko wa unga ili mende wasiiguse.

"Raheli hajashiba," alikuwa akisema. "Mkipita kule juu msichungulie bondeni. Na mtoto mgonjwa asipelekwe pale hata kwa kuombewa. Lile jiwe lina njaa ya mtoto."

Hadithi ya Raheli wengine wote waliisimulia tofauti, tena kwa kipaza sauti. Kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kubatizwa upande huu wa Nairobi, zamani za barabara ya vumbi. Kwamba mtoto wake aliugua, naye akamchukua, akashuka naye bondeni, akapiga magoti juu ya jiwe siku arobaini bila kula. Siku ya arobaini mtoto alisimama, akapanda mlima mwenyewe mpaka nyumbani. Jiwe nalo, kwa heshima, likalainika chini ya magoti ya mama, ndiyo maana mpaka leo lina mashimo mawili, na watu huweka magoti yao humo wakilia.

Mashimo kama hayo yako kwenye mawe mengi ya bonde lile. Bonde lilikuwa timbo la mawe ya kujengea, na wachimbaji walikuwa wakinoa patasi zao kwenye mwamba huohuo kila asubuhi. Yeyote aliyekulia huku angeweza kuliona hilo akifungua macho. Lakini naanza kugombana mapema. Nirudi nyuma.

Mdogo wangu aliitwa Nyambura. Kwetu binti wa pili huchukua jina la mama wa mama yake, kwa hiyo yeye na Shosho walikuwa na jina moja, na Shosho hakumwita kwa jina hilo kamwe, alimwita wajina. Walizozana kutwa kama wake wenza. Shosho akimtishia kwamba atamrudisha kwa mwenye jina, Nyambura anamjibu kwamba mwenye jina ni yeye huyohuyo, basi ajirudishie. Alikuwa na miaka mitano na mdomo wa miaka hamsini. Watu husema kipaji changu cha kubishana nilikipata chuoni. Si kweli. Nilikipata kwa kumsikiliza mtoto huyo.

Alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka mitatu, na kliniki ikampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni. Alipovinywa, huenda ukapita mwezi mzima bila kuanguka. Alipovikosa, na alivikosa mara kwa mara kwa kuwa mama alirudi kazini amechelewa na kumkuta amelala, alianguka. Vidonge vilimfanya mzito, asinzie mbele ya uji. Mama alivichukia kwa hilo.

Nataka ieleweke mama yangu alikuwa amesimama wapi, kwa sababu ni rahisi mno kumhukumu ukiwa umekaa. Baba alikuwa ameshaenda zake kabla Nyambura hajajifunza kutembea. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga, si mbali na kwa Shosho, tulikoshinda mama akiwa kazini. Majirani, wengi wao watu wa kanisa, hawakuruhusu watoto wao wanywe kikombe kimoja na Nyambura, kwa vile waliamini povu la kifafa huambukiza. Siku moja alianguka kwenye foleni ya maji bombani, na wanawake wakarudi nyuma na ndoo zao, wakaacha duara tupu, na katikati ya duara ni mimi nimemshika kichwa. Shule ya chekechea ikamwomba mama, kwa upole sana, ambakize mtoto nyumbani mpaka apone. Apone vipi, hawakusema.

Mama alikuwa msusi katika saluni moja pale Adams Arcade. Saluni ni mahali ambapo ugonjwa wa mtoto wako hujadiliwa na watu wenye nafasi, kwa maana mteja wa rasta ana saa sita za kukaa na hana pa kwenda. Mteja mmoja, kichwa chake kikiwa mikononi mwa mama, alimwambia ampeleke mtoto Jiweni. Ila asiende nusu nusu. Jiwe halipendi mtu wa nusu.

Tulikwenda Ijumaa Kuu. Tulivua viatu pale lami inapoishia, mama akavifunga kwenye leso, tukashuka na mahujaji. Jua lilikuwa limeshawaka. Kulikuwa na kikundi cha akina mama kutoka Machakos waliofika tangu alfajiri, wakiimba Kikamba kwa sauti moja nzito iliyonitetemesha tumbo. Magari ya matajiri wa Karen yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa barabara, na wenyewe walishuka ngazi za saruji wakikanyaga kokoto kama kuku kwenye matope, wameinua magoti. Nyambura aliwacheka waziwazi. Mama akamfinya.

Mimi sikucheka. Kila hatua nilimwona Raheli wa Shosho, amekaa ndani ya mwamba na mdomo wazi. Niliushika mkono wa mdogo wangu nikaamua kwamba, ikibidi, nitamwambia Raheli anichukue mimi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mambo kama hayo hupangwa hivyo, kwa mazungumzo.

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia, limejengewa paa la mabati na kuzungushiwa uzio wa chuma. Mbele yake alisimama Mama Yunisi, Mtunza Jiwe, aproni nyeupe, sauti ya kuamuru. Na pale ndipo nilipoiona desturi ya mahali pale: kila mgonjwa huja na dawa yake, huiweka juu ya Jiwe, na huiacha. Chupa, makopo, pakiti, vyote vilipangwa juu ya mwamba kama bidhaa dukani.

"Huwezi kushika Mungu na mkono moja na ule mwingine umeshika chupa," Mama Yunisi alikuwa akiwaambia wanaofika. "Chagua."

Mbele yetu alikuwa mwanamke mmoja wa yale magari, amejifunga kitambaa cha hariri, ananukia vizuri. Aliinama, akaweka kichupa cha kahawia juu ya Jiwe, akasali, machozi yakamtoka. Sidhani alikuwa akiigiza. Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa, macho yangu sawa na kimo cha lile Jiwe, jua lilikuwa upande wa pili, na niliona mwanga ukipita ndani ya kichupa kile bila kizuizi. Kilikuwa kitupu. Na mkoba wake uliponipita karibu na sikio, ulilia kwa ndani kama kayamba.

Kisha mama akafungua mfuko wake akatoa kopo la Nyambura. Lilikuwa limejaa, alilichukua kliniki wiki ileile. Alipoliweka lilitoa sauti nzito ya kitu kilichoshiba.

Nilimvuta sketi. Nikamnong'oneza kwamba ya yule mama haina kitu ndani. Mama alinigeuza kichwa kwa kiganja chake.

"Usiangalie ya watu," akasema. "Angalia yetu."

Miaka mingi baadaye Shosho alinieleza desturi ile ilivyoanza. Zamani, kabla ya saruji na kabla ya paa, watu walileta chupa tupu. Mtu alikuwa akiugua, anatibiwa, anapona, ndipo anashuka bondeni na chupa iliyokwisha na kuiacha pale kama shukrani, jinsi mtu anavyorudisha sufuria ya jirani ikiwa imeoshwa. Shukrani tu. Nani aliigeuza ikawa sharti? Hakuna ajuaye, au wanaojua hawasemi. Labda mtu mmoja aliona chupa zile akadhani ndizo zilizoleta uponyaji. Wakubwa waliosoma wakaendelea kuacha tupu, kwa sababu kule kwao daktari ni binamu au rafiki na hakuna anayewaambia wachague. Waliokuja kwa miguu ndio waliopewa desturi ikiwa imepinduka, nao wakaishika hivyohivyo kwa mikono miwili. Kila nikifika hapa katika kusimulia, hunibidi nipumzike kidogo.

Shosho aliposikia, hakupiga kelele. Alimwita mama uani, nami nikasikia vipande tu: kwamba Jiwe lina njaa, kwamba Raheli atamchukua wajina wake, kwamba amemwonya tangu akiwa msichana. Mama akamjibu kwamba amechoka na mizimu ya Kikuyu ndani ya nyumba ya watu waliookoka, na kwamba Nyambura hatakanyaga tena kwake. Mama alituondoa kwa Shosho siku hiyohiyo. Tangu hapo, akienda kazini, alimwacha Nyambura kwa jirani yetu wa chumba cha pili, mwanamke wa kundi la Jiwe.

Lakini maziwa bado yalitoka kwa ng'ombe wa Shosho, na mimi ndiye niliyetumwa kuyachukua. Siku ya tatu Shosho alinipokea kibuyu cha maziwa, na aliponirudishia kulikuwa na karatasi imekunjwa chini ya kifuniko. Kumbe kadi ya kliniki ilikuwa imebaki kwake. Alikuwa ametembea mpaka kliniki na miguu yake ile iliyovimba, akaomba vidonge vingine.

Aliniita maitu, yaani mama, jinsi wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana wanapowabembeleza. Aliniambia nimpe Nyambura kimoja kila jioni, nikisage, nikitie kwenye uji kabla mama hajarudi, na nisimwambie yeyote. Yeyote, maitu. Hata Mungu usimwambie, Yeye anajua.

Mtoto wa miaka tisa aliyepewa siri ni sahihi kuliko saa ya ukutani. Sikukosa hata siku moja. Kila saa kumi na moja jioni nilisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga, nikamsimamia mpaka alambe bakuli. Na kwa kuwa sasa alipata dawa kila siku saa ileile, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu augue, Nyambura hakuanguka. Wiki moja. Mbili. Alirudi kuzungumza sana, akaanza kumwigiza Mama Yunisi, kiuno mbele, akiwaambia kuku wachague. Wiki ya tatu mama alianza kuimba akifua. Wiki ya nne alimnunulia viatu vya shule.

Mwisho wa wiki ya tano tuliitwa Jiweni kushuhudia.

Ilikuwa Jumapili, adhuhuri, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mama alisimama mbele na Nyambura mkononi, akasema alivyoiacha dawa na mtoto hajaanguka tena, na watu wakalia naye. Wengine walikuwa ni walewale wa foleni ya maji. Walimgusa Nyambura kichwani. Walimbusu. Mmoja akampa soda na kunywa naye chupa moja. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akinywa chupa moja na mdogo wangu.

Ndipo Mama Yunisi aliponiona mimi, akaniletea kipaza sauti mdomoni.

"Na wewe dada yake, unalala na yeye kitanda moja. Umeona nini?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia, watoto hulia. Lakini niliwatazama watu wale wote wakinisubiri, mama akinitazama kwa uso ambao sijauona tena kwake tangu siku hiyo, nami nikasema kwa sauti iliyotoka safi, hata mwenyewe nikashangaa:

"Nimeona Mungu."

Bonde zima lilisimama. Ndiyo hotuba yangu ya kwanza maishani, na sijawahi kupigiwa makofi kama yale tena, katika ukumbi wowote.

Jioni ile, na kijiko mkononi, nilikitazama kidonge nikashindwa. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Nikimpa, basi mimi ni mwongo, na mama ni mwongo, na ile soda waliyokunywa naye ni ya bure. Na tena, hivi ndivyo nilivyojiambia, kama kweli Mungu amemponya, kidonge kitakuwa matusi. Nilijua vizuri kabisa kwamba nimempa vidonge siku zote zile. Nilijua, na bado nikaamini. Msiniulize iliwezekanaje. Nimeona maprofesa wakifanya hivyohivyo wakiwa wamevaa tai.

Nilivimwaga vyote chooni.

Siku ya kumi, Jumatano, kama saa sita mchana, Nyambura alikuwa uani akimfulia mwanasesere wake nguo. Alianguka kando ya beseni. Nilimshika kichwa kama kawaida, nikahesabu, kwani kliniki walitufundisha kuhesabu, na kwa kawaida nilikuwa sifiki mia moja. Nilipita mia. Nikaanza upya. Kilimwachia kidogo, kikamshika tena kabla hajafungua macho. Jirani alitoka, akaweka mkono juu yake akaanza kukemea. Nilimwomba tumbebe mpaka barabarani. Akasema nisivuruge, mtoto huyu ameshaponywa, hili ni jaribu tu na litapita.

Nilimwacha nikakimbia kwa Shosho. Aliponiona tu alijua. Alitoka bila kitambaa kichwani, mara ya kwanza naona nywele zake nje ya nyumba, akaja mbio na ile miguu, akamnyanyua wajina wake akamfunga mgongoni kama mtoto mchanga na kumtoa uani huku jirani bado anakemea. Tulifika Waiyaki Way. Mwenye gari dogo akasimama. Shosho alikaa kiti cha nyuma na Nyambura mapajani, na sehemu fulani kabla ya hospitali nilimwona akiacha kumpangusa mdomo. Alimfunika uso na leso yake. Hakumwambia dereva apunguze mwendo.

Mama alipigiwa simu saluni. Waliokuwepo walisema aliondoka na kitana mkononi, mteja amebaki nusu kichwa.

Basi, onyo la Shosho lilitimia. Mtaa wote ulisema hivyo, hata wa kundi la Jiwe: Raheli amemchukua. Wengine wakaongeza kwamba mama lazima alikwenda nusu nusu. Mama Yunisi alihubiri kwenye mazishi kwamba Mungu ana siri zake. Nilisimama nimeshika shada la maua, na kwa miezi mingi baada ya hapo sikuzungumza nje ya nyumba. Walidhani ni huzuni. Ilikuwa hofu kwamba nikifungua mdomo nitasema jambo na litakuwa.

Baada ya arobaini Shosho aliniita jikoni kwake. Aliniuliza kitu kimoja, kama nilimpa. Nikatikisa kichwa. Nikamweleza siku ngapi, na kwa nini. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ndiye nilimpa mtoto mzigo wa mtu mzima."

Ndipo akaniambia kilichotokea pale bondeni, kama alivyoambiwa na mama yake aliyekuwepo. Mtoto wa Raheli hakusimama. Alikuwa na maradhi yaliyomtoa vipele, na watu waliogopa. Wakwe walimfungia lango. Alikwenda kwa watu wa kanisa, aliobatizwa nao siku moja, wakamfungia mlango. Mama yake Shosho mwenyewe alikuwa ndani ya moja ya nyumba hizo. Alimrushia ndizi juu ya ua, lakini komeo hakulitoa. Raheli akashuka timboni kwa kuwa ndiko palikuwa na kivuli na hapakuwa na mlango wa mtu. Mtoto alifia mapajani mwake. Siku chache baadaye wachimbaji wakamkuta Raheli naye amekufa, amepiga magoti, kichwa juu ya mwamba. Hapakuwa na siku arobaini. Wale waliomfungia ndio walioanza kushuka na kuomba pale, kwanza kwa kuona haya, mmoja mmoja. Watoto wao wakaomba kwa sauti. Wajukuu wakatia saruji.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama hayo, badala ya Raheli mwenye njaa.

"Nilijaribu nikiwa msichana. Waliniuliza ushahidi," akasema. "Ukweli nani anauogopa, maitu? Mzimu ndio unaogopwa. Nikaona heri wakimbie kwa hofu kuliko wafe kwa imani. Sasa ona, wala hawakukimbia."

Nimeutafuta ushahidi. Nimekaa kwenye maktaba za mjini siku nzima nzima, nimesoma daftari za zamani za wabatizwa mpaka macho yakauma. Raheli wako watatu na hakuna hata mmoja aliyeandikwa jinsi alivyokufa. Nina neno la Shosho, na Shosho naye amelala kaburini miaka mitatu sasa. Mbele ya waamuzi wa mdahalo ningeshindwa. Lakini nimejiuliza: ni nani hutunga hadithi ambamo mama yake mwenyewe hakufungua mlango?

Mwaka huu kamati ya Jiwe imeamua kuweka bango la historia langoni, na wakanitafuta mimi niliandike, eti ndiye msomi wao. Niliwaandikia kurasa mbili, milango yote ikiwemo, na ile habari ya chupa. Mwenyekiti alizisoma akanitazama juu ya miwani.

"Dada, hii ni historia ama ni mashtaka?"

Nikamwambia achague. Hakucheka. Alisema bango lao litakuwa na siku arobaini kama kawaida, na chini yake wangependa ushuhuda mmoja wa siku hizi, wa familia ya hapahapa. Wa mama yangu. Zile wiki tano. Kwani hata kama mtoto aliitwa nyumbani baadaye, si zile wiki tano zilikuwa muujiza? Mama, akasema, amekubali nikiandika mimi.

Pasaka iliyopita nilikuwa nimelipita lile Jiwe na kuhesabu makopo yaliyojaa. Sitasema yalikuwa mangapi.

Nilimkuta mama nyumbani akichambua maharagwe. Anashuka bondeni bado, kila Ijumaa. Hukaa kwenye benchi ya nyuma, haombi kwa sauti, hatoi ushuhuda. Nilikaa upande wa pili wa ungo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Wamekuambia kuhusu zile wiki tano," akasema.

"Wameniambia."

"Utaziandika?"

"Siandiki, mami. Kuna mama atazisoma pale langoni na dawa ya mtoto wake iko mkononi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akaliweka pembeni, akatoa lingine. Nilingoja hasira, nikaipangia majibu.

"Basi usiandike," akasema. Kisha, bila kuinua macho: "Ulikuwa unaweka kwa chai?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa.

"Kwa uji," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Shosho alikuwa amemwambia wiki yake ya mwisho, hospitalini. Miaka mitatu mama amekaa nalo. Alisema alikuwa akingoja nimwambie, halafu akaona kama nisiposema ni heri, labda nimesahau, watoto husahau. Mimi nami miaka kumi na mitatu nilikuwa nikinyamaza ili zile wiki abaki nazo, zitoke kwa Mungu, si kwa kijiko changu. Kumbe kila mmoja amesimama mlangoni akimlinda mwenzake, na hakuna aliyekuwa ndani.

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Sikumwambia kwamba nimemsamehe. Aliniomba nimsomee ile ya Raheli, yote, nami nikasoma. Nilipofika kwa bibi yake na ndizi juu ya ua, alisema nirudie hapo. Nikarudia.

Bango lao limekwisha kuwekwa. Juu yake mtoto anasimama na kupanda mlima mwenyewe. Kurasa zangu zimesomwa mara moja tu, jikoni, kwa mtu mmoja, na sitajidanganya kwamba hiyo inatosha. Ijumaa Kuu ijayo nitasimama pale lami inapoishia, wanapovua viatu, niwaambie akina mama waache chupa tupu na dawa warudi nayo nyumbani. Najua nitafukuzwa. Mama amesema atakuja pia. Hatasema kitu, amenionya mapema. Atasimama tu kando yangu, ili wanaomfahamu waone ni nani amesimama hapo.